Mgeni wa Makumbusho Aulizwe

Kitabu cha wageni mlangoni mwa makumbusho hueleza nani kafika. Hakielezi katoka na fikra gani. Mwanafunzi wa Mpanda akisafiri hadi Olduvai, ambako Mary Leakey alivumbua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, huenda akarudi akiamini kuwa sokwe ndiye babu yake. Sivyo: sokwe na binadamu ni matawi ya shina moja la kale. Basi aulizwe kabla ya kuingia na baada ya kutoka, wala si kama alifurahi tu.

Katavi yaweza kuanza bila safari. Sokwe wa bonde la Issa, wilayani Tanganyika, huishi penye miombo na mbuga. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa husimama kwa miguu miwili zaidi mitini kuliko ardhini. Ndugu mwalimu, darasa lako lingetarajia hivyo?