Watu Mashuhuri: Handel, Mtunzi Aliyewafungulia Wadeni

Wanakwaya wengi wa makanisa ya Afrika Mashariki wameuimba wimbo wa "Haleluya" siku ya Krismasi au Pasaka, tena kwa sauti zote nne, bila kulijua jina la mtu aliyeutunga. Mtu huyo ni George Frideric Handel, aliyezaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji wa wagonjwa, maana zamani zile mtu mmoja aliweza kuzishika kazi hizo mbili, naye alitaka mwanawe asome sheria. Muziki aliuona kuwa kazi isiyo na chakula. Lakini mtawala mmoja wa jirani alimsikia mtoto akipiga kinanda cha kanisa, akamshauri mzee yule asimzuilie kipawa chake. Ndipo baba akakubali afundishwe.

Handel alikaa Hamburg, kisha Italia, na mwaka wa 1710 akafika London. Huko alishika biashara ya michezo ya jukwaani ambayo maneno yake huimbwa. Ilikuwa biashara ya gharama nyingi. Waimbaji waliletwa kutoka Italia kwa mishahara mikubwa, na tena likaundwa kundi la pili la kushindana naye, na wanunuzi wa tikiti hawakuyatosha makundi mawili. Mwaka wa 1737 alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kuume ukapooza. Akaenda kuoga katika maji ya moto ya Aachen, akapona, akarudi kazini.

Mwaka wa 1741 alipokea maneno yaliyochaguliwa katika Biblia na Charles Jennens, akaanza kuyatungia muziki tarehe 22 Agosti. Tarehe 14 Septemba alikuwa amekwisha. Kazi hiyo, iitwayo "Messiah", huchukua zaidi ya saa mbili kuimbwa, naye aliiandika kwa siku 24. Kisha akasafiri mpaka Dublin, mji mkuu wa Ireland.

Jambo lililotokea huko linastahili kukumbukwa kuliko hata ile mbio ya kuandika. Katika siku zile mtu aliyeshindwa kulipa deni alitiwa gerezani, na akiwa gerezani hakuwa na njia ya kutafuta fedha za kulipa. Basi alikaa humo huku mkewe na watoto wakiona njaa nje. "Messiah" iliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, ili mapato yagawiwe hospitali mbili za mji na wafungwa hao wa deni. Watu walikuwa wengi kuliko nafasi. Mabibi waliombwa waje bila zile gauni zilizotanuliwa kwa pete kubwa, na mabwana waache panga zao nyumbani, ili wengi zaidi wapate kuingia. (Aliyefikiri hilo alikuwa na akili kuliko watengeneza ukumbi.) Wakaingia watu wapatao 700, zikapatikana pauni 400 hivi, na wafungwa 142 walilipiwa madeni yao wakatoka.

London haikuipokea vizuri upesi hivyo. Wako waliosema si halali Maneno Matakatifu kuimbwa katika jumba la michezo. Lililoigeuza mioyo lilikuwa jumba la watoto walioachwa. Thomas Coram, nahodha mzee, aliwaona watoto wachanga wametupwa kando ya njia za London, akahangaika miaka 17 mpaka mwaka wa 1739 mfalme akampa hati ya kuwajengea makao. Handel alilipa kanisa la makao hayo kinanda, na mwaka wa 1750 akaimbisha "Messiah" pale. Watu wengi walirudishwa mlangoni kwa kukosa nafasi, ikabidi irudiwe baadaye mwezi uo huo. Tangu hapo iliimbwa kila mwaka, na kwa miaka ile yote makao yalipata karibu pauni 7,000.

Mapema zaidi, katika mwaka wa 1738, wanamuziki wa London walikuwa wamewaona watoto wa mwenzao aliyekufa wakiswaga punda wa maziwa barabarani. Wakaanzisha chama cha kuwasaidia wenzi wao na mayatima wao, na Handel akawa mmoja wa wanachama wa kwanza. Katika wasia wake alikiachia pauni 1,000.

Miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu, lakini aliendelea kupiga kinanda mbele za watu kwa kutumia kichwa chake tu. Alikuwapo "Messiah" ilipoimbwa tarehe 6 Aprili 1759. Siku nane baadaye akafa, akazikwa Westminster Abbey. Nakala ya nota za "Messiah" aliwaachia wale watoto wa Coram, wapate kuitumia bila kumwomba mtu ruhusa.

Wimbo wake alioutunga mwaka wa 1727 kwa kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili umeimbwa katika kila kutawazwa kwa wafalme wa Uingereza tangu hapo, hata kwa Mfalme Charles wa Tatu mwaka wa 2023. Chama cha wanamuziki kingali kikitoa msaada, na shirika la Coram lingali likiwatunza watoto London.