Kabla ya Kuangusha, Kuanguka

Vijana wapendwa, katika mikutano yetu ya Jumapili alasiri tumesikia mara nyingi swali moja, nalo huulizwa kwa kicheko. Popole Misenga, mwana wa Bukavu, ana nguvu na jina lake limefika mbali. Mbona hakuiacha judo akaingia katika mieleka ya ulingoni, ile ambayo kwetu huitwa kachi? Huko, asema muulizaji, angevaa mikanda na kupata fedha, kuliko kwenda Olimpiki mara mbili na kurudi bila medali. Tumeona vema kulijibu swali hili kwa makini, kwa maana chini yake limejificha lingine lisilochekesha: mtu aliyeshindwa ana thamani gani mbele yetu?

Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Alikuwa mtoto wa miaka tisa alipokimbia mapigano ya Kisangani. Alitengana na jamaa yake, akakaa msituni siku nane kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa. Katika kituo cha watoto waliofukuzwa makwao na vita ndimo alimoijua judo. Yolande Mabika, naye wa Bukavu, alitenganishwa na wazazi wake kwa namna inayofanana na hiyo. Sisi wa Ubwari hatuna haja ya kufafanuliwa habari kama hizo. Ziko nyumba kati yetu zilizovuka ziwa usiku kuelekea Kigoma, zikaishia kambini Nyarugusu, na wamo miongoni mwenu waliozaliwa huko.

Tuseme kidogo juu ya judo yenyewe. Kano Jigoro aliianzisha huko Japani mwaka 1882, na mwanafunzi wake, hata leo, hafundishwi kwanza kumwangusha mwenzake. Hufundishwa kuanguka: kukunja kidevu, kuviringisha mgongo, kupiga mkeka kwa mkono ili uzito wa mwili utawanyike. Siku nyingi hupita katika somo hilo. Kisha, kabla ya kila pambano na baada yake, wapinzani huinamiana, aliyeshinda na aliyeshindwa sawasawa. Kwa hiyo katika elimu hiyo anguko ni mlango wa kuingilia, wala hakuna apitaye pengine.

Lakini Misenga mwenyewe ameeleza kwamba kila aliposhindwa mashindanoni, kocha wake alimfungia katika kizimba kwa siku kadhaa, riziki yake ikiwa kahawa na mkate. Mwaka 2013 alipelekwa Rio de Janeiro pamoja na Mabika kwa ajili ya mashindano ya dunia. Wote wawili walitoka hotelini, wakabaki Brazili na kuomba hifadhi, nayo serikali ya nchi hiyo ikawatambua kuwa wakimbizi. Huko aliwapokea kocha mzee, Geraldo Bernardes, katika taasisi iliyoanzishwa na Flávio Canto, aliyepata shaba ya judo Athene mwaka 2004.

Mwaka 2016 walisimama wote wawili katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, yenye wanamichezo 10. Mabika alishindwa katika pambano lake la kwanza. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, na uwanja wa Rio ukalipuka kwa shangwe. Kisha akakutana na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia. Akashindwa. Safari hii hakuna aliyemngoja na kufuli.

Sasa turudi kwenye kachi. Ni kweli kwamba mabingwa wa judo wamewahi kuingia ulingoni. Willem Ruska, Mholanzi, alipata dhahabu mbili katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, jambo ambalo hakuna mwanajudo mwingine aliyelifanya katika mapambano ya mtu mmojammoja ya Olimpiki moja. Tarehe 6 Februari 1976 alipanda ulingo wa Tokyo kupigana na Antonio Inoki, mwanamieleka maarufu wa Japani, na Inoki akatangazwa mshindi. Miezi michache baadaye Inoki huyohuyo alikabiliana na Muhammad Ali, ambaye wazee wenu wangali wanasimulia usiku wake wa Kinshasa wa 1974. Katika kazi hiyo matokeo hupangwa kabla ya kengele kulia. Ruska alikuwa mwenye nguvu za ajabu, ila pale alilipwa ili anguko lake limtukuze mwingine.

Hatuwadharau watu wa ulingo. Mbao huumiza, na mwenye kurushwa juu yake kila juma anajua uchungu ambao sisi watazamaji hatuujui. Nasi tumewahi kulipa kiingilio na kupiga makofi, tusijifanye watakatifu. Linalotusumbua katika kachi ya Kinshasa ni pale mpiganaji anapotoa hirizi, mpinzani akajifanya amepumbazwa, na mtoto wa miaka kumi akarudi nyumbani akiamini kwamba kuna dawa ya kutoshindwa.

Jengo alimoshindwa Ruska huitwa Nippon Budokan. Lilijengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964. Mwaka 2021 Misenga aliingia humohumo akiwa tena katika timu ya wakimbizi, akashindwa katika pambano lake la kwanza na Krisztián Tóth wa Hungaria. Gwak wa Rio na Tóth wa Tokyo, wote wawili walimaliza na shaba shingoni. Hakuna aliyemlipa Misenga aanguke. Alikuja akiwa na uwezekano wa kushinda, akautumia wote, haukutosha. Kwa maoni yetu anguko hilo ni mali yake, kama ushindi wa Rio ulivyo mali yake.

Na sisi walimu? Tulipokuwa tukijifunza ualimu tulifundishwa kupanga wanafunzi toka wa kwanza hadi wa mwisho na kuyasoma majina kwa sauti. Tulifanya hivyo miaka mingi. Wa mwisho alisimama huku wenzake wakimzomea, nasi tukaita jambo hilo malezi. Kizimba hakihitaji vyuma.

Mwezi uliopita, katika mchezo wa mpira kati ya vikundi vyetu viwili, kipa aliachia mabao manne. Tangu siku hiyo hajaonekana katika mazoezi ya kwaya, na kiti chake kimekaliwa na mwingine bila mtu kuuliza. Tumekubaliana na viongozi wa kikundi chake kwenda kwao Jumamosi hii asubuhi, kabla baba yake hajarudi na mtumbwi.