Shilingi imepata nguvu, mbona bei za simu na runinga hazishuki upesi?

KWA mwananchi anayetafuta simu au runinga katika maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, methali ya kupanda mchongoma imegeuka somo la uchumi. Shilingi inapodhoofika, bei hupanda mara moja. Inapopata nguvu, kushuka kwa bei ndiko huwa ngoma.

Mfano wa karibu ni wa miaka ya 2023 na 2024. Mwanzoni mwa 2023, dola moja ya Marekani iliuzwa kwa takriban Sh123. Kufikia Januari 2024, ilikuwa imepita Sh160. Mwezi uliofuata, serikali iliuza hati mpya ya Eurobond ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililotarajiwa kukamilishwa Juni. Hofu sokoni ikatulia na shilingi ikaimarika. Mnamo 2025, dola ilizunguka Sh129.

Hata hivyo, bei madukani hazikuteremka kwa kasi ile zilivyopanda.

Sababu ya kwanza ni kwamba vifaa vingi vya kielektroniki huagizwa kutoka nje, hasa China, na hulipiwa kwa dola. Mfanyabiashara aliyejaza ghala lake dola ikiwa Sh160 hawezi kushusha bei kabla ya kumaliza bidhaa hizo, ila akubali hasara. Isitoshe, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi huchelea kupunguza bei wakihofia kwamba shilingi itaanguka tena kabla ya shehena nyingine kuwasili.

Sababu ya pili ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2022 ilianzisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazotoka nje, na juu yake kuna ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16. Viwango hivi hutozwa kwa thamani ya bidhaa katika shilingi.

Chukua simu iliyonunuliwa kwa dola 100. Dola ikiwa Sh129, gharama yake ni Sh12,900, na baada ya kodi hizo mbili hufika takriban Sh16,460. Dola ikiwa Sh160, gharama ni Sh16,000, na baada ya kodi hizo hufika Sh20,416. Tofauti ya Sh3,100 iliyoletwa na dola imegeuka kuwa karibu Sh3,960, kabla ya kuhesabu usafiri na faida ya muuzaji. Hivyo, shilingi inapoanguka, serikali hukusanya zaidi kwa kila simu inayouzwa.

Wengine hudhani mdororo wa uchumi ungeleta nafuu, kwa kuwa wanunuzi hupungua. Yaliyotokea 2008 yanaonyesha vingine. Mataifa tajiri yalipotumbukia katika mdororo, viwanda vya Asia vilikosa wanunuzi. Lakini mwaka huo huo, dola ilitoka takriban Sh62 hadi karibu Sh80, na nafuu yoyote iliyotoka viwandani ikamezwa njiani.

Nafuu iliyoonekana ilitokana na sera. Katika bajeti ya Juni 2009, serikali iliondoa ushuru wa thamani ya ziada kwa simu za mkononi. Ushuru huo ulirejeshwa na sheria ya 2013.

Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River mnamo Oktoba 2023 ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, vipuri vinavyounganishwa hapo hununuliwa ng'ambo, hivyo kivuli cha dola hakijaondoka.

Anayeumia zaidi ni mwenye kipato kidogo. Akishindwa na bei ya dukani, hununua simu kuukuu, bidhaa ghushi, au hukopa simu na kuilipia kila siku hadi jumla ipite mbali bei ya taslimu. Naye hana hiari, kwa kuwa huduma nyingi za serikali zimehamia eCitizen, na mwanafunzi wa chuo huomba mkopo wa HELB kupitia mtandao.

Serikali haiwezi kuiamuru dola ishuke. Kiwango cha kodi, hata hivyo, kimo mikononi mwake. Ikiwa inamtaka kila raia atafute huduma mtandaoni, haifai kuendelea kukihesabu chombo cha kumfikisha huko kuwa anasa.