Sindano ya Pafu: Tuogope Haraka Kuliko Sindano

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Vumbi la mawe tunayochimba lina silika. Miaka ikipita, vumbi hilo huumiza mapafu na kukifungulia njia kifua kikuu. Kwa hiyo mchimbaji akikohoa, kwanza makohozi yake yapimwe. Lakini pengine picha ya kifua inaonyesha kivimbe, na makohozi hayaelezi kitu. Hapo daktari anaweza kukutuma kwenye hospitali kubwa, Kampala au Kinshasa, wachukue kipande kidogo cha pafu kwa sindano. Kazi hiyo inaitwa biopsi.

Wengi wanaogopa sindano. Maoni yangu ni kwamba tuogope zaidi haraka yetu. Pafu likitobolewa, hewa inaweza kuvuja kama katika mpira wa baiskeli, ikajaa kati ya pafu na mbavu, na pafu likasinyaa. Kati ya watu 4 au 5, karibu mmoja huvuja hewa. Mara nyingi ni kidogo na huisha yenyewe. Wachache huwekewa mrija kifuani. Damu nayo inaweza kutoka ndani.

Kabla ya sindano, mwambie daktari dawa zote unazokunywa: aspirini, dawa za kuzuia damu isigande, hata dawa za miti. Usiache dawa kwa shauri lako. Yeye atakuambia siku. Usifiche sigara, kwani pafu lililoharibiwa na moshi huvuja upesi.

Wakati wa sindano, usikohoe, usiseme, usitikisike. Ukiambiwa ushike pumzi, shika.

Baadaye, ukiambiwa ulalie upande uliochomwa, lala hivyo: uzito wa mwili husaidia kuziba tundu. Usitoke hospitali kabla ya kupigwa picha nyingine.

Sisi wa Bunia tuna jambo letu la pekee. Kutoka Kinshasa tunarudi kwa ndege, na huko juu hewa iliyonaswa kifuani hupanuka. Usipande bila ruhusa ya daktari. Kama pafu lilivuja, ngoja picha ionyeshe limepona, kisha ongeza juma moja.

Nyumbani, usibebe mzigo, usishike sururu, mpaka siku ulizopewa ziishe. Mama, ukiona mumeo anakosa pumzi, anashikwa na maumivu makali ya kifua au anakohoa damu, mpeleke hospitali hata usiku. Usingoje akubali.

Na wewe kapita, sikia. Mapumziko hayo si uvivu, ni sehemu ya matibabu. Mtu asikatwe mshahara wala kuitwa shimoni mapema, maana ndiyo inayomfanya afiche maumivu yake. Mwenda pole hajikwai. Zamu chache zilizokosekana tutazifidia. Baba wa watoto hafidiwi.