Siuzi, Nitalitengeneza

Kuna maneno mawili ambayo yameua magari ya kale mengi nchini Kenya kuliko mashimo ya barabarani: "Siuzi, nitalitengeneza." Husemwa na mwenye gari akiwa amesimama kando ya kitu kilichofunikwa turubai, matairi yameisha upepo, nyasi zimefika kwenye bampa, na kuku ameshapata mahali pa kutagia chini ya usukani. Ukimuuliza lini, anatazama juu kama mtu anayengoja mvua. Gari limekaa hapo miaka 15 na litakaa 15 mingine. Halafu siku moja watoto wake watampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu, nalo litaondoka likiwa limepimwa kwa kilo.

Nasema hivi bila kupaka sukari: anayelifungia gari uwani kwa ahadi hiyo halihifadhi. Analiua polepole, tena anataka tumsifu kwa mapenzi yake.

Chukua Datsun 240Z. Hili si gari la kusoma tu kwenye majarida ya wazungu. Ni gari la spoti la Kijapani lenye boneti ndefu na injini ya silinda 6 ya cc 2393, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Wajapani walilitengeneza, lakini sisi tulilipa jina kwa tope letu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally nalo. Mwaka 1973, mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda na 240Z nyingine, tena baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun. Lile gari la 1971 lilibaki mikononi mwa Nissan kule Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni hiyo walilifungua, wakalirekebisha, likawaka na kutembea tena.

Sasa linganisha. Wenye kiwanda wanafufua gari kwa sababu lilishinda kwetu. Sisi wenye barabara tunafugia kuku ndani ya ndugu zake.

Na usiniambie tutaagiza mengine. Sheria yetu hairuhusu mtu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo magari ya spoti ya miaka ya 70 yaliyobaki hapa ni yale yale yaliyokuja zamani. Likioza moja, hesabu imepungua moja. Hakuna meli inayoleta lingine.

Najua kidogo ninachokisema. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, nilipata kibarua cha kuandika, na kibarua hicho hakijazi tumbo kila siku. Siku nyingine huwa namfuata fundi mmoja mzee, yeye akikagua, mimi nikishika tochi na daftari. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: watu wote hukagua gari la kale kinyumenyume. Wanaanza na rangi, halafu injini, halafu bodi, halafu karatasi wakikumbuka. Yeye huanza na karatasi.

Logbuku iko wapi, na jina lililoandikwa ni la nani? Kama mwenyewe alishafariki na familia haijamaliza mambo ya urithi, hapo hakuna gari, kuna kesi. Namba ya chesisi je? Kwenye 240Z imegongwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria. Isugue kwa kitambaa, uisome mwenyewe, uilinganishe na karatasi. Usiletewe hadithi.

Baada ya hapo ni kutu. Gari hili halina chesisi ya kando kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Kwa hivyo kutu hapa si suala la urembo, ni kama mifupa ya mtu. Inua zulia utazame sakafu. Lala chini uangalie reli zinazopita chini ya sakafu hiyo. Toa betri uone sahani yake, kwa sababu asidi ya miaka mingi humwagikia hapo na kula chuma kilicho chini yake. Pita kwenye vizingiti vya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya chini ya fenda za mbele, na ukingo wa mlango wa nyuma. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Mahali inaposhika, kuna chuma. Mahali inapoteleza, kuna fila, na chini ya fila kuna siri ya mtu. Ukibonyeza reli kwa bisibisi na bisibisi ikaingia, piga hesabu upya. Gari lililokaa Nanyuki na gari lililokaa Nyali si gari moja, hata kama yalitoka kiwandani siku moja. Chumvi ya bahari haina huruma.

Injini inakuja mwisho kwa sababu ndiyo inayosameheka. Injini hizi za familia ya L ni ngumu. Ndugu zake wa silinda 4 walisukuma pikapu za Datsun 620, na mafundi wa rika fulani wanazijua kama viganja vyao. Lakini usifanye lile jambo ambalo kila shemeji hupendekeza: kuleta betri mpya na kupiga stata. Manze, hapo ndipo watu huvunja kilichokuwa kizima. Toa plagi, tia oili kidogo ndani ya kila silinda, iache ilale siku mbili. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana, polepole. Ikikubali, mwaga oili yote uangalie kama ina maji. Mwaga petroli iliyoganda tangini, badilisha mipira yote ya mafuta, fungua zile kabureta mbili uzisafishe. Pima mgandamizo wa silinda zote 6, kwa maana tofauti kati yao husema mengi kuliko muuzaji. Na kabla ya kusogea hata mita moja, breki. Mafuta ya breki hunywa maji hewani, na maji hayo hushikisha pistoni ndani ya silinda za magurudumu. Gari linalowaka lakini halisimami ni jeneza lenye redio.

Ukaguzi huu wote unamalizika asubuhi moja, na gharama yake kubwa ni aibu ya kulala kwenye vumbi. Ndiyo maana sikubali visingizio. Hujaambiwa ununue injini. Umeambiwa ujue ukweli kuhusu kitu chako.

Nimesikia utetezi wote. Wa kwanza: "Ni mali yangu." Sawa, hakuna anayekunyang'anya. Lakini mtu aliye na picha pekee ya harusi ya ukoo hawezi kuichoma halafu aseme ni yake. Wa pili: "Ni kumbukumbu ya baba." Huyu namuonea huruma, lakini baba alilipenda gari likitembea. Kulitazama likizama ardhini kila masika si kumkumbuka, ni kumzika mara ya pili. Wa tatu ndiye ananikera zaidi: "Bei itapanda." Labda itapanda kwa yale yanayotembea. Lako, mzee wangu, kila mvua inapunguza kilo za chuma na kuongeza siku za kuchomelea. Hufugi mtaji, unafuga kutu.

Kuna wengine pia, wale wa upande wa pili, ambao hulifufua kwa kopo la rangi. Nyekundu inayong'aa juu, fila ya inchi moja chini, rimu mpya, picha mia moja, kisha linauzwa kwa kijana mwenye doo ya kwanza maishani. Huyu naye ni muuaji, ila amevaa vizuri.

Lakini kinachoniuma hasa si chuma. Ni mikono. Mafundi wanaoweza kusikiliza kabureta mbili kwa kipande cha mpira sikioni na kuzilinganisha hadi zivute sawa, wanaoweza kugonga fenda kwa nyundo na kibao hadi irudi umbo lake bila fila, wengi wao wamezeeka. Vijana wa gereji wa leo wanajua mashine ya kusoma makosa ya injini, na si vibaya, ndiyo kazi iliyopo. Ila 240Z haina mahali pa kuchomeka mashine hiyo. Ustadi wa wazee utapita kwa vijana kwa njia moja tu: gari moja lililo wazi, mzee mmoja, kijana mmoja, miezi mingi. Kila gari lililofungiwa uwani ni darasa lililofungwa. Na mimi niliyetoka darasani bila cheti nakwambia, hilo lilikuwa darasa lenye kazi mwishoni.

Safari Rally ikija Naivasha tunajaza barabara, tunavaa kofia, tunapiga kelele vumbi likituingia mdomoni. Vizuri. Lakini hekaya hiyo ilishikiliwa na mafundi waliolala chini ya magari usiku kucha, na ushahidi wake wa chuma unaoza nyuma ya nyumba zetu.

Kwa hivyo, mwenye turubai, ondoa turubai. Mlete fundi, mlipe nusu siku yake, sikiliza jibu. Kama reli ni nzima na mfuko unaweza, anza na breki mwezi huu, si mwaka ujao. Kama mfuko hauwezi, uza kwa mtu atakayelitengeneza, hata kwa bei itakayokuuma. Kama limeoza kabisa, toa injini, vioo na milango ili vimfufue mwenzake. Na ukishindwa yote hayo, basi angalau acha kusema unalipenda.