Rubani akikosea njia juu ya Rubavu, nani apigiwe simu?

Novemba 7, 2022, kabla ya saa sita mchana, ndege ya kivita ya Kongo aina ya Sukhoi-25 iligusa kwa muda mfupi njia ya kurukia ya uwanja mdogo wa Rubavu, kisha ikapaa na kurudi kwao. Kigali ililalamika. Kinshasa ilikiri kuwa ndege ni yake, ikasema haikuwa na silaha na iliingia Rwanda kwa bahati mbaya. Hakuna risasi iliyofyatuliwa.

Januari 24, 2023 mambo yalikuwa mengine. Sukhoi ilipigwa ikiwa angani na kutua Goma ikiwaka moto. Rwanda ilisema imejihami baada ya anga yake kuingiliwa kwa mara ya tatu. Kongo ilisema ndege ilikuwa katika anga yake, ikakiita kitendo hicho cha kivita. Chini yao, wachuuzi wa nyanya na maziwa walikuwa wakivuka kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma.

Marubani wa vita si wageni katika Maziwa Makuu. Mwaka 1916, Aimé Behaeghe, Mbelgiji aliyezaliwa Kachtem mwaka 1890, alikuwa akiruka juu ya Ziwa Tanganyika. Ndege yake, Short ya kutua majini, iliazimwa kutoka Uingereza na kufikishwa ziwani vipandevipande. (Wapagazi waliozibeba ndege hizo ni nadra kutajwa.) Mwezi Juni walishambulia Kigoma kwa mabomu, wakiiwinda meli Graf von Götzen. Meli hiyo baadaye ikawa MV Liemba. Behaeghe aliugua, akafia Niemba, Kongo, kabla mwaka haujaisha.

Kwa Behaeghe hesabu ilikuwa rahisi: ng'ambo ya ziwa ni adui. Rubani wa Sukhoi hana urahisi huo. Uwanja wa Goma uko karibu mno na mpaka. Kona moja pana juu ya Ziwa Kivu yatosha kumtia matatani. Na ng'ambo ni nchi mwanachama wa Jumuiya ileile, ambayo Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga nayo Aprili 8, 2022.

Mkataba wa Chicago wa 1944 unakataza ndege ya kijeshi kuingia anga ya nchi nyingine bila ruhusa. Haumwambii ofisa aliye zamu Rubavu afanye nini katika sekunde 30 za kwanza. Hilo ni la majirani kukubaliana: masafa ya redio ya pamoja, simu ya moja kwa moja, na mstari wa angani ambao ndege za kivita hazitauvuka zinapokwenda kutua. Ni jambo dogo kuliko sarafu moja, na lingegharimu kidogo zaidi.

Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wake ukafungwa. Kanuni hizo ziandikwe kabla ndege za kivita hazijaanza tena kutua hapo.