Twendeni Tukalizunguke Bwawa la Manchira

Swali la ramani halikosekani kwenye mtihani wa Jiografia wa kidato cha nne, na sisi tunaokwenda field kila mwaka tunalifundisha kwa namna ileile: ubao, chaki, na ramani iliyotolewa nakala mpaka mistari yake imefifia. Mwanafunzi anakariri kwamba kontua zikisongamana pana mwinuko mkali, zikiachana pana mteremko wa taratibu, na zikichora V yenye ncha kuelekea mto unakotoka, hapo ni bonde. Anakariri, anapata maksi zake, anasahau. Mimi nasema somo hili lifundishwe kwa miguu. Na kwa shule za Mugumu mahali pa kulifundishia papo tayari, ni ukingo wa Bwawa la Manchira, kwa kulizunguka.

Kwa wasiopajua: Mugumu ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Ukisema Serengeti hapa chuoni mtu anakuuliza simba. Lakini mji wenyewe una mambo yake ya kawaida kama miji yote, soko, bodaboda, vumbi la kiangazi, ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka. Maji ya mji yanatoka Manchira. Kwa hiyo mtoto wa pale anakunywa bwawa lile, analifulia nguo, halafu akiingia darasani mifano ya maziwa anayopewa ni Tanganyika na Nyasa, ambayo huenda asiyaone maishani mwake.

Nilipokuwa BTP huko, binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, hii mistari ukienda kule mlimani unaiona?" Darasa likacheka. Sikuona cha kuchekesha, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo wengi wetu hatukuthubutu kuliuliza tukiwa na umri wake. Jibu la haraka ni kwamba haionekani, ni ya mchoraji wa ramani tu. Jibu la kweli ni kwamba ipo sehemu moja ambako inaonekana kwa macho: pale maji yaliyotulia yanapokutana na nchi kavu. Kila nukta ya ukingo ule iko kimo kimoja kutoka usawa wa bahari, na kontua maana yake ni hiyo tu. Ukiyafuata maji bila kuyaacha hupandi wala hushuki, na ukilizunguka bwawa mpaka uliporudi ulikoanzia, umetembea juu ya kontua moja mwanzo mwisho.

Tena bwawa linafundisha vizuri kuliko ziwa nyingi za asili. Bwawa ni bonde lililofurishwa, kwa hiyo maji yameingia kwenye kila kijibonde na kuacha kila mgongo wa nchi ukichomoza kama pua. Mnatembea, mnawaona wenzenu waliotangulia wako ng'ambo, karibu kiasi cha kusikia wakicheka, lakini kuwafikia lazima mzunguke mkono mzima wa maji. Mnalalamika. Mkifika kwenye ncha ya mkono huo mnakuta kijito, au mfereji mkavu kama ni Agosti, na hapo mwalimu anasimama na kufungua ramani: hii ndiyo V. Ncha inaelekea kijito kinakotoka. Mtoto aliyezunguka mkono ule kwa miguu yake na jua likimpiga kisogoni hawezi tena kuchanganya bonde na mgongo.

Kiangazi kinaongeza kitu kingine. Maji yakipungua yanaacha michirizi kwenye udongo, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukingo wa wiki zilizopita. Upande ambao ardhi imelala, michirizi inaachana hatua nyingi. Upande wenye mwinuko inabanana mpaka unaifunika yote kwa kiatu kimoja. Somo la wiki mbili, limechorwa chini bure.

Najua hoja ya kwamba njia ya kuzunguka ziwa ni mambo ya watalii. Mfano upo, Ziwa Duluti pale Tengeru karibu na Arusha: ziwa dogo la kreta, msitu wa hifadhi umelizunguka, na ndani ya msitu kuna njia ya miguu. Wageni wanatembea, wanatazama ndege, wanapumzika. Ni pazuri. (Kwa kontua, watu wa Arusha wanisamehe, Manchira inashinda: ziwa la kreta limekaa kama bakuli, utazipata wapi hizo V?) Ila kila ninapotaja wazo hili kuna mtu anakuja na geti. Tuweke kiingilio, tuweke vibanda, halmashauri ipate mapato. Sina ugomvi na mapato, lakini tufikirie huyo mtoto wa Mugumu. Amekulia ubavuni mwa hifadhi inayojulikana dunia nzima, na ndani ya hifadhi hiyo hushuki kwenye gari isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Gari lenyewe hana. Tukiweka geti na Manchira, atabaki kutembea wapi?

Na njia ipo tayari, ndiyo sababu sizungumzii mradi. Imechongwa na kwato za ng'ombe na miguu ya wanaokwenda majini. Haina kibao wala jina, basi tunaona kama haipo. Anayeijua vizuri kuliko mwalimu yeyote ni kijana mchungaji ambaye pengine shule aliiacha zamani. Anajua mkono upi wa maji ni mrefu, wapi tope linameza mguu, wapi pa kukatiza. Ningependa sana wanafunzi wamwone huyo akitangulia mbele na mwalimu akifuata nyuma na daftari.

Kuna somo lingine pale ukingoni, na hili linawagusa wazazi moja kwa moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bwawa, mto au ziwa. Tunaitaja darasani kwenye uraia kama sentensi ya kukariri. Hebu wapeleke watoto ukingoni, wahesabu hatua kuelekea nchi kavu. Kwa hatua za mtoto wa kidato cha tatu ni kama tisini hivi. Wageuke waone kilichomo ndani ya hatua hizo. Kama ni nyasi, waandike nyasi. Kama ni mahindi au nyanya, waandike hivyo pia, wakijua kwamba mbolea na dawa ya shambani ikisombwa na mvua inaishia kwenye maji wanayokunywa nyumbani. Ugumu utakuja pale shamba litakapokuwa la baba wa mmoja wao. Sisemi mwalimu atoe hukumu. Nasema mazungumzo hayo yaanzie kwenye hatua zilizohesabiwa, siyo kwenye uvumi.

Wenzangu watasema ni hatari, na wana haki. Mara ina mamba kwenye mito yake, na tembo wanaingia mashambani wilaya nzima. Kwa hiyo hamwendi kichwakichwa. Mwalimu mwenyeji anatoa barua ya mkuu wa shule kwa mwenyekiti wa kijiji, mnauliza wanakijiji nini kimeonekana wiki hiyo, mnakwenda asubuhi na watu wazima wa kutosha, na hakuna anayeingia majini hata kunawa. Wanaosema muda hautoshi kwa sababu ya silabasi, sawa, msilizunguke lote. Sisi tulitembea kipande tu, upande wa mikono miwili ya maji, na Jumatatu yake yule binti alikuja ubaoni akachora ukingo wote tuliopita, kutoka kichwani, na V zake mbili zikielekea kunakotakiwa.

Watakaopangiwa Serengeti msimu ujao, bebeni ramani ya kipimo cha 1:50,000 kutoka Idara ya Upimaji na Ramani, uzi wa kushonea na rula. Ukiulaza uzi kufuata ukingo wa bwawa kwenye ramani kisha ukaunyoosha, kila sentimita mbili ni kilomita moja. Fanyeni hesabu hiyo darasani siku moja kabla, kila mwanafunzi akisie kwanza bila uzi, na makisio yaandikwe ubaoni na majina yao. Wenye makisio mafupi ndio wabebe maji ya kunywa.